Kanuni ya Saba

Kanuni zilikuwa saba. Katarina alizipitia mara tatu na zote zilikuwa sahihi. Ndiyo maana seva ya ghala la Mchombe ilipokata mawasiliano, aligonga meza hadi chai ikamwagika.

Alikuwa fundi pekee wa mitandao katika ushirika wa wakulima wa mpunga, ofisini Kibaoni. Siku zote kanuni za faiawoli, zile zinazoamua nani aingie kwenye kompyuta na nani azuiwe, aliziandika kwa mkono. Asubuhi hiyo alijaribu maktaba ya programu, msimbo ulioandikwa na wengine, iziingize zote kwa mpigo. Sita za kwanza ziliruhusu. Ya saba ilizuia yeyote aliyebaki.

Simu ikaita. Alikuwa Mzee Kelestini, mtunza ghala wa Mchombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti, mizani haitumi uzito, na bila hiyo stakabadhi haitoki. Watu wamejaa hapa na magunia, na wingu hilo!"

"Ni mimi, baba. Nimejifungia nje ya kompyuta ya huko. Naomba uchomeke kibodi, nikutajie cha kuandika."

"Mimi na hayo madude? Njoo mwenyewe."

Alipanda bodaboda kwenda Mchombe. Barabara ya Mlimba ilikuwa tope tupu. Mara mbili alishuka kusukuma, na mara ya pili kiatu kikabaki chini. Njia nzima alikuwa akiilaani ile maktaba, na wote waliomshauri aitumie.

Alipofika, mvua ilikuwa imemtangulia. Hakusalimia vizuri. Alifungua orodha ya kanuni na kuona mstari wa kwanza kabisa: zuia wote. Maktaba ilikuwa ikiweka kila kanuni mpya juu ya zilizotangulia, kwa hiyo ya saba ndiyo iliyokaa kileleni, na hakuna aliyefika kwenye zile za kuruhusu. Alisoma maelezo ya maktaba hiyo kwenye simu. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa, sentensi moja, chini kabisa.

"Wangeshindwa nini kuiweka mwanzo?" alifoka.

"Akina nani?" Kelestini akauliza.

Katarina aligeuza mpangilio, akaongeza amri ya kurudisha kanuni za zamani ikiwa yeye mwenyewe hatathibitisha ndani ya dakika tano, akaendesha tena. Mizani ikaanza kutuma.

Gunia la kwanza lilikuwa la Mama Siwema. Kelestini aliingiza mkono, akatoa punje, akazing'ata.

"Limelowa. Siwezi kulipokea. Kaanike tena."

"Lilikuja kavu!" Mama Siwema akamgeukia Katarina. "Si mlisema kompyuta itatuharakishia?"

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

"Samahani haikaushi mpunga."

Katarina alishika pembe moja ya gunia, Mama Siwema nyingine, wakalitoa nje hadi kwenye mkokoteni. Mengine yake matano yalikuwa yakingoja.