Sawa ya Daktari Seni

Kalista alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuliamini neno "sawa". Kazi yake katika ofisi ya elimu ya watu wazima pale Mbeya ilikuwa kuandika vijitabu vya wafugaji, na safari hii alikuwa ameandika jinsi ya kuogesha ng'ombe kwenye josho la dawa ili kupe wafe. Mambo ya josho aliyasoma tu. Ng'ombe mwenyewe, Kalista alimwogopa. Ndiyo maana kila rasimu ilipitia kwa Daktari Seni, mtaalamu wa mifugo, airekebishe.

Naye Daktari Seni, Mungu amsamehe, alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Rasimu ililala mezani kwake wee, ikarudi haina hata mkwaruzo wa kalamu, chini imeandikwa: Sawa. Kalista akairudisha. Ikaja: Sawa kabisa. Mkuu wa ofisi akamwuliza, mtaalamu akishakubali, yeye ni nani? Karatasi za kupigia chapa zimeshafika. Lakini Kalista alikosa raha. Dawa ya josho ni sumu, na sumu haina rafiki.

Akadandia lori la chumvi hadi Usangu, kwa mzee Ndalahwa, baba yake Daktari, mwenye ng'ombe wa kujaza bonde. Akamwomba kijitabu kijaribiwe kwanza kwa mifugo yake, na mzee akakubali palepale. Aliporudi mjini alikwenda moja kwa moja kwa Daktari, akamweleza kwamba Jumatatu baba yake atayafuata maandishi yale neno kwa neno.

"Mzee amesemaje?" Seni akauliza.

"Amesema kama Seni amesoma, yeye hana swali."

Daktari akaiomba rasimu. Akafunga mlango, akasoma. Kalista alikaa akimtazama. Katikati ya ukurasa kalamu ikasimama.

"Hukuandika wanyweshwe maji kwanza. Ng'ombe mwenye kiu atainywa hii dawa akiwa humo humo joshoni. Wangekufa."

Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Kalista akashusha pumzi, akainuka achukue karatasi zake, lakini Daktari hakuziachia.

"Ndugu Kalista," akasema taratibu, "kile kijitabu cha dawa ya minyoo, nilichokiandikia Sawa mwaka jana. Kilikwenda wapi?"

"Chunya, Daktari. Vijiji vyote."

Seni alilitazama neno lake pale chini ya ukurasa, kisha akauliza kama ofisi ina gari.