Umbea Kwenye Chumba cha Mionzi

Gereji walimwita Spana, na jina likamkaa mpaka mkewe naye akalizoea. Sauti yake ilipoanza kukwaruza, kila mtu alidhani ni moshi wa magari. Ikawa saratani ya koo.

Hospitali yenye mashine ya mionzi ilikuwa mbali, safari ya siku nzima, na matibabu yalikuwa ya wiki saba, Jumatatu hadi Ijumaa. Mkewe, msusi, alifunga saluni, akawaacha watoto kwa dada yake, wakapanga chumba kimoja nyuma ya hospitali, chenye kitanda, jiko la gesi na dirisha linalotazama ukuta.

Wiki mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu Spana akaanza visingizio, mara tumbo, mara kizunguzungu. Asubuhi moja mkewe alitoka kuoga akakuta kitanda kimetandikwa na begi la mumewe halipo.

Alimkuta kituo cha mabasi, tiketi mkononi. Akaketi kando yake, akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo.

"Koo linauma?" aliuliza hatimaye.

Spana akatikisa kichwa. "Ile barakoa," alinong'ona.

Kila siku, kabla ya mashine kuwashwa, alilazwa chali akavishwa barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyotengenezwa kwa umbo la uso wake, ikabanwa mezani ili asitikisike. Wahudumu walitoka, mlango mzito ukafungwa. Miaka tisa nyuma jeki iliwahi kuteleza, gari likambana kifua mpaka wenzake walipolinyanyua. Alirudi nyumbani siku ile akicheka, akaomba chakula.

"Wakifunga mlango," alisema, "narudi chini ya lile gari."

Miaka tisa wamelala kitanda kimoja, na mkewe hakuwa na habari. Aliichomoa tiketi mkononi mwake taratibu, akaitia mkobani.

"Simama, baba watoto. Leo tunaingia wote chini ya hilo gari."

Hospitalini alimfuata mtaalamu wa mashine, dada mmoja mwenye miwani.

"Dada, mtu akizungumza huku nje, ndani anasikika?"

"Kuna kipaza sauti, mama. Tunakitumia kumwelekeza mgonjwa."

"Niazime dakika kumi."

Dada alisita, akamtazama Spana aliyekuwa akitokwa jasho hata kabla hajavua shati. Akavuta kiti cha pili.

Mlango ulipofungwa, msusi akasogea kwenye kipaza sauti. "Baba watoto, unanisikia? Usijibu, umebanwa. Hii ndiyo raha yangu ya kwanza tangu tuoane, naongea hunikatizi." Kisha akaanza habari ya mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, akapigiwa simu kwamba mchumba wake yuko hoteli ya jirani na mwanamke mwingine, akatoka mbio, taulo begani, kitana kikining'inia nyweleni.

Dada wa miwani akaziba mdomo. "Mama, usimchekeshe, hatakiwi kutikisika!"

"Basi nitamsimulia msiba."

Mashine ikazimika kabla mteja hajafika hotelini. "Yaliyotokea mlangoni," alisema msusi, "utayasikia kesho."

Kesho yake Spana alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Wiki za mwisho zilimtesa. Shingo ilibabuka, hata maji yalimchoma, akawa ananyweshwa maziwa kwa kijiko. Msusi naye aliishiwa umbea wa kweli, akaanza kutunga. Spana alijua, kwa sababu wateja wote wa saluni sasa walikuwa matajiri. Lakini hakukosa hata siku moja.

Miezi mitatu baada ya matibabu kwisha walirudi kwa vipimo. Daktari aliangalia picha, akaingiza kamera nyembamba kooni, akaiangalia picha tena.

"Sioni uvimbe," alisema. "Tutaendelea kukuangalia, lakini mionzi imefanya kazi."

"Rudia, daktari," alisema msusi.

Daktari akarudia.

Kwenye korido msusi akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi, kilio cha miezi yote. Alitaka kumpigia dada yake, maneno yakagoma kutoka. Spana akaichukua simu, akapiga.

"Wewe nani?" dada aliuliza, maana alitegemea mdogo wake, akasikia sauti nzito, ya kukwaruza.

"Shemeji yako," alisema Spana. "Nimepona. Ila mdogo wako leo hawezi kuongea."

Huko upande wa pili watoto wakapiga kelele mpaka Spana akaiweka simu mbali na sikio.