Madirisha ya Ghorofa ya Tatu

Mateke ya punda ni shukrani. Methali hii tumeizoea kinyumenyume kwa sababu aliyeisimulia kwanza ni mwenye punda. Punda mwenyewe hakuulizwa, wala mzigo haukupimwa.

Saa mbili kasorobo asubuhi, wanawake thelathini na wawili walipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, wakakaa kwenye cherehani zao, na msimamizi akafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni, kama wengine wavaavyo msalaba. Chumba hakikuwa na dirisha hata moja. Tajiri aliyaziba yote mwaka aliponunua jengo, ili vitambaa visitoroke.

“Mwaka wa saba huu niko hapa,” mpiga pasi alipenda kusema, “sijaona jora lenye miguu.”

Mpiga pasi huyo alikuwa wifi yake Mama Asante, dada wa marehemu mumewe. Alikuwa na pumu na ulimi mkali, na kona yake ya mwisho ilijaa mvuke kutwa. Mama Asante alishona vifungo. Jina hilo alipewa kwa sababu alimshukuru Mungu kwa sauti, katika kila hali, kama watu wengine wanavyokohoa. Alipofiwa alishukuru kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, akalia, kisha akashukuru kwa machozi.

“Wifi, siku nyumba ikiungua utamshukuru Mungu kwa majivu.”

“Nitamshukuru siku utakayonyamaza.”

Kila Jumatatu Mama Asante alimwomba msimamizi auache mlango wazi, kwa ajili ya kifua cha wifi. Kila Jumatatu msimamizi alimjibu neno lile lile: “Mshukuru Mungu una kazi.”

Jumatatu moja akamshukuru. Aliweka shati chini, akafumba macho, akasema, “Asante, Bwana, kwa kazi. Asante na kwa mikono.” Ukutani, juu ya cherehani yake, dirisha likafunguka. Lilikuwa dogo kama daftari, lina bawaba zake na komeo lake, na rangi ya kijani iliyokwisha kukauka. Upepo uliingia ukatawanya vifungo.

“Afadhali,” alisema mshona kola, akasogeza kiti chake.

Jumanne sindano ilimchoma. “Asante, Bwana, ni kidole kimoja.” Dirisha la pili. Jumatano umeme ulikatika, akashukuru kwa mapumziko, na dirisha la tatu likawapa mwanga wa kumalizia kazi. Kufikia Ijumaa yalikuwa sita.

Jumamosi muashi aliletwa kuyaziba. Jumatatu waliyakuta wazi, na saruji imelundikwa chini vizuri, imechekechwa. Muashi alikusanya miiko yake.

“Mimi naziba matundu, bosi. Haya ni madirisha.”

Kwa hiyo yakaachwa, nayo yakaongezeka. Hewa iliingia, lakini mtu hakuweza kutoka, maana chini palikuwa na sakafu ya zege, ghorofa tatu. Isitoshe, yote yalikuwa upande wa vifungo. Kona ya pasi ilibaki vile vile.

Alhamisi, saa ya chai, wifi alianguka kando ya meza yake. Msimamizi alikuwa amekwenda kunywa chai, amefunga kwa nje, na ufunguo alikwenda nao. Wanawake waliugonga mlango kwa mikasi mpaka mbao zikachubuka. Midomo ya wifi iligeuka rangi ya wino. Mama Asante alipiga magoti, na kwa mara ya kwanza wenzake walimwona amekosa neno. Alitafuta cha kushukuru, akakikosa. Alitafuta tena.

“Bwana, kwa hili sikushukuru,” alisema mwishowe. “Nakushukuru kwa kuwa na wewe umefungiwa humu pamoja nasi.”

Ukuta wa kona ukafunguka toka sakafuni hadi darini, mpana kama lango la kanisa. Hewa iliingia kama ndugu asiyepiga hodi. Wifi alivuta pumzi moja, kisha ya pili, akakaa kitako.

“Nani kaacha pasi juu ya shati?” akauliza.

Msimamizi alirudi baada ya dakika ishirini, ana makombo midomoni.

Wiki iliyofuata walikuja wageni watatu, wanunuzi wa sare. Walihesabu madirisha kumi na tisa, wakamsifu tajiri, wakamkabidhi cheti cha karakana yenye hewa safi. Kwa kuwa kuta zilikuwa zimejaa, cheti kilitundikwa mlangoni, juu kidogo ya kufuli. Tajiri akamwita Mama Asante aseme neno la shukrani, kwa kuwa alikuwa hodari wa mambo hayo.

Mama Asante akasimama.

“Namshukuru Mungu kwa hewa hii. Namshukuru kwa wifi yangu, anapumua, na anasema kupita kiasi. Namshukuru kwa wenzangu. Kwa mlango huu simshukuru, maana hakuufunga yeye. Kaufunga huyu hapa, na ufunguo uko shingoni mwake.”

Wanawake thelathini na mmoja wakaitika “Amina”, wifi kwa sauti kuliko wote, na kuta zilizobaki zikafunguka zote kwa pamoja. Cherehani zikawa zimesimama angani, juani. Mashati yalijaa upepo yakanyanyua mikono. Mtu mmoja alianzisha pambio, wote wakalidaka, na barabarani watu walisimama, wakatazama juu, wakaitikia kiitikio, kisha wakaendelea na safari zao.

Wageni walishika makaratasi yao yasipeperuke, wakaaga. Msimamizi aliwafungulia mlango, wao na tajiri, akabaki ndani, akaufunga tena. Aliujaribu mara mbili kuhakikisha. Haukuwa na ukuta kulia wala kushoto, ila ulifungika vizuri.

Kisha akaenda kusimama mbele ya cherehani ya vifungo.

“Umemwaibisha tajiri mbele ya wageni. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Utashuka sasa hivi kumwomba radhi, nami nitakufungulia.”

“Kumbe mlango huwa unafunguka!” wifi alisema, akaitemea pasi mate kidogo kupima moto.

“Mshukuru Mungu hujafukuzwa,” msimamizi akasema.

Mama Asante alichagua kifungo cheupe, akakiweka mahali pake, akauma uzi.

“Mungu nitamshukuru,” akasema. “Radhi siombi.”