Alama Chini ya Chungu

Fundi Saa alikiona kile kitu cheupe wiki nzima kabla hajafanya lolote. Kilikuwa kwenye dungusi la marehemu mkewe, mmea wa miiba uliokaa dirishani ndani ya chungu cha udongo, hatua nne kutoka meza yake ya kazi. Akajiambia kwamba mmea nao umezeeka, unaota mvi. Mvi, jamani! Mtu aliyefungua saa za watu miaka thelathini na sita, anayeona punje ya vumbi kwenye gurudumu dogo kuliko ukucha wa mtoto, anashindwa kutofautisha mvi na wadudu.

Lakini tusimseme sana. Tangu mazishi alikuwa amekufa ganzi, mwili na roho. Alikula akiletewa, alilala akiambiwa. Makaburini hakulia, nyumbani hakulia, na mashemeji wakanong'onezana kwamba mzee ana moyo wa jiwe. Walimwonea. Huzuni yenyewe aliitafuta akaikosa, kama mtu anayepapasa mfukoni akakuta pametoboka. Jambo hilo lilimtia aibu kuliko maneno ya mashemeji.

Kitu kimoja tu mkewe alimwomba pale hospitali. "Mwenzio yule," alisema, "usije ukaniulia." Mwenzio ndilo dungusi. Alilisemesha kila asubuhi akifagia, na Fundi alipolalamika kwamba mmea unasemeshwa kuliko mume, alijibiwa, "Wenyewe haunijibu ovyo."

Basi Jumapili moja zile mvi zikatembea. Fundi akabandika lenzi yake jichoni, akainama. Wadudu! Weupe, wadogo, wamejifunika vitu kama pamba, wamejibana kwenye mashina ya miiba wanafyonza raha mustarehe. Dungusi lenyewe lilikuwa limeanza kusinyaa. Akafanya haraka kile ambacho mikono yake ilikijua: akachukua brashi ndogo, akaichovya kwenye petroli ya kusafishia saa, akaupaka mkono mmoja wa dungusi, yaani tawi lake, kuanzia juu hadi chini. Petroli ikaisha kikoponi, mikono mingine ikanusurika.

Jumapili iliyofuata binti yake, muuguzi, alikuja kumwona. Hata mkoba hajautua.

"Baba! Umelifanya nini hili?"

"Nimelisafisha."

"Ukatumia nini?"

"Petroli."

"Petroli! Kwani hii ni saa, Baba?"

"Saa huwa zinapona," alisema Fundi.

Ule mkono uliopakwa ulikuwa umegeuka kahawia na kulegea kama ndizi iliyooza. Iliyobaki ilikuwa hai, ila wadudu nao walikuwa hai zaidi, wameongezeka. Binti akashika kiuno. Akasema walitupe tu, yeye atamletea jingine zuri, lenye maua.

"Hilo jingine halitakuwa la mama yako," Fundi alisema. Hakupandisha sauti. Alisema vile anavyomwambia mteja kwamba kifaa fulani hakitengenezwi tena. "Aliniomba hili tu. Likifa, nitakuwa nimeshindwa hata hilo."

Binti alimtazama, akaacha ubishi. Akatoa kwenye mkoba chupa ya spiriti na pamba, maana muuguzi hatembei mikono mitupu. Wakakaa pande mbili za meza. Binti akawa anamgusa kila mdudu kwa pamba yenye spiriti, na Fundi, kwa kibano chake, anawachomoa wale waliojichimbia kati ya miiba ambako pamba haifiki. Mmoja mmoja. Kazi hiyo aliiweza, alikuwa ameizoea maisha yake yote.

"Baba, una miiba minne kwenye kidole gumba. Haikuumi?"

"Miiba gani?"

Binti akakitazama kile kidole, akachovya pamba nyingine kwenye spiriti. Kisha akasema ni lazima waangalie na mizizi, wadudu hawa hujificha huko. Wakalifunga dungusi kwa magazeti, Fundi akagonga chungu, mmea ukatoka na udongo wake. Kweli, mizizi nayo ilikuwa na weupe kama unga. Binti akalichukua dungusi kwenda kuliosha mizizi kwa maji ya sabuni kwenye beseni. Fundi akabaki na chungu. Akakikung'uta, akakipindua ili afute kitako chake, na hapo mkono ukasimama.

Hapa nieleze kidogo. Fundi wa saa akimaliza kazi, hukwaruza alama ndani ya mfuniko wa nyuma kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali: tarehe, na herufi moja ya alichofanya. Kwa Fundi huyu, S ni kusafisha. Mwenye saa haioni alama hiyo maisha yake yote. Inamngoja fundi mwingine atakayeifungua baadaye, ajue saa imepitia nini.

Kitako cha chungu kilikuwa kimejaa tarehe. Zilipangwa vizuri, kwa mwandiko wa mkewe, wenye namba tisa zilizoinama. Kumbe ndiko ilikokuwa ikipotelea ile kalamu yake ya chuma! Miaka yote Fundi aligomba nyumba nzima kwa ajili ya kalamu hiyo, na mkewe akimjibu, "Utakuwa umeiweka mwenyewe," na kesho yake ikaonekana mezani.

Akahesabu. Mara tisa. S, S, S. Mara tatu palikuwa na K, herufi ambayo yeye hakuitumia kwenye saa. Akafikiri, kisha akaenda kwenye beseni, akalitazama dungusi lile mikononi mwa binti yake. Chini kabisa kulikuwa na makovu matatu ya zamani, yamekauka na kufunga. K ilikuwa kukata.

Mara tisa dungusi liliugua ndani ya nyumba hii, na mara tisa mkewe akaliponya peke yake, hatua nne kutoka meza ya mumewe. Yeye hakuona hata mara moja. Aibu ikampanda hadi masikioni, na ilikuwa aibu ya moto.

"Lete kisu," alisema. "Linakatwa. Linapona."

Akaukata ule mkono ulioungua, akapita hadi penye nyama ya kijani. Wakaliweka dungusi kwenye gazeti kivulini ili jeraha likauke kabla ya kulirudisha. Kisha Fundi akachukua kalamu ya chuma, akakipakata chungu. Chini ya mstari wa mwisho wa mkewe akakwaruza S. Akakwaruza K. Kalamu ikagota.

"Leo tarehe ngapi, mama?"

"Kumi na tisa."

"Ya mwezi gani?"

Binti akaitua chupa ya spiriti. Ukutani saa za wateja zilikuwa zinagonga, kila moja na lake.

"Wa tisa, Baba."

"Mama yako alikufa mwezi wa tano."

"Ndiyo, Baba."

"Miezi minne."

"Ndiyo."

Fundi akaandika tarehe yote, pole pole, mpaka mwaka. Akapuliza vumbi la udongo, akakiweka chungu mezani. Halafu akamnyooshea binti yake kidole gumba.

"Nitolee hii miiba, mama," alisema. "Inauma."