Klasi za Ngendo
...na hili jina nalo, Toleo, nani huipa klasi ya programu jina la Toleo, Khushbu aliwaza, akisogeza ukurasa chini huku Mutahi, mwenye tovuti, akisimama nyuma yake na kikombe cha chai, "Sasa hii kazi ya Ngendo, tunafuta ama tunaacha?" akimaanisha mfumo wa tovuti ya habari aliowaandikia yule aliyekuwa mtaalamu wao wa programu, na jibu alikuwa nalo tangu alipoingia ofisini, tufute, tuandike upya, kwa sababu Jumanne mfumo ulimkatalia kuhifadhi habari, mara tatu, na mfumo unaomkatalia mhariri ni mfumo mbovu, basi, "Nipe dakika mbili," akasema, si za kufikiri, za kutafuta tu mstari wenye kosa amwonyeshe... lakini fujo aliyoitarajia haikuwepo, zile kanuni za uchapishaji wa mtandaoni, kurasa kavu alizozisoma chuoni Nyeri akisinzia, hapa zilikuwa zimepata miili, kila kinachotajwa kimefanywa klasi, kiolezo chenye akili yake, Habari, Mwandishi, Mkusanyiko, kila moja inajua kazi yake na haiingilii ya jirani, Habari haikubali kuzaliwa bila mwandishi, bila tarehe, hata asiyejua programu angeisoma akaelewa... na yeye ndiye aliyesema kwenye mkutano, mbele ya wote, "Ngendo anajenga kanisa na sisi tunataka kibanda," wakacheka, Ngendo naye akacheka kidogo, akiangalia vidole vyake, na mwezi uliofuata akaenda Wang'uru kumtunza mamake na hakuna aliyempigia simu, hata yeye, hasa yeye... "Abdiweli anauliza kama atume picha zingine," Mutahi alikuwa akisema, ama kitu kama hicho, Abdiweli ndiye mwandishi wao wa Doldol, na Khushbu akaitikia mm bila kusikia vizuri, maana alikuwa amefika kwenye Toleo yenyewe, klasi ndogo, mistari kumi na tano, kazi yake ni moja, kukumbuka habari ilivyokuwa ulipoifungua, na ukirudi kuihifadhi inaangalia kama kuna mwingine aliyeibadilisha katikati, na kama yuko inakukatalia, usije ukaifuta kazi yake kwa yako... Jumanne, ngoja, Jumanne alikuwa anarekebisha herufi moja tu kwenye habari ya mnada wa mifugo wa Doldol, nakala aliyoiacha wazi tangu kabla ya chakula cha mchana, ile iliyosema mnada uko kama kawaida, na Abdiweli, kwa simu yake, alikuwa ameshaibadilisha habari hiyohiyo, akaandika kwamba soko limefungwa, mbuzi wamepatikana na ugonjwa, watu wasitoke na mifugo... na yeye huku akibonyeza, akibonyeza, akiitukana mashine, na mistari kumi na tano ya mwanamke waliyemcheka ikisimama pale ikikataa, watu wangetembeza mbuzi siku mbili hadi kwenye ugonjwa, kwa sababu ya herufi moja, na Ngendo alikuwa ameliona hili lote mapema, akiwa amekaa kwenye kiti hikihiki, kimya, akamfikiria mtu mwenye haraka ambaye siku moja atakosea bila kujua, hakumkasirikia, akaketi akamtengenezea kitu cha kumzuia, kizuri hivi, kifupi hivi... "Khushbu, dakika mbili zimeisha, tunafuta?" na ukurasa ulikuwa bado palepale mbele yake, hakuugusa, "Ile shida ya Jumanne," akasema, "ilikuwa mimi."