Jicho la Ukoo wa Mukalay

Jumapili baada ya ibada, ukoo wa marehemu Mukalay ulijazana sebuleni kwa binti yake, Huguette, kule Dilala kwenye migodi ya shaba, kumhukumu kwa kosa la kuwa na jicho jekundu. Huguette alikaa katikati yao, jicho likimchoma, kichupa cha dawa ya matone amekibana kiganjani. Daktari alishamwonya: akiiacha dawa, jicho litakufa.

Shangazi yake Jeanne, dada wa Mukalay na kiongozi wa chumba cha maombi, aliweka mezani chupa ya mafuta ya upako. Miwani yake myeusi haikuvuliwa hata kanisani. Vumbi la mgodi, alizoea kusema, na nani angembishia?

"Hii jicho iko ya bulozi, ya uchawi," alisema. "Ilitoka kwa mama yake. Kwetu hakuna bitu ya hivi. Leta ile dawa tuitupe, tukupake mafuta."

Hasira ilimpanda Huguette. Mama yake yuko kaburini, hawezi kujitetea, na watu hawa wanamsema huku wakinywa soda za mwanawe!

"Mi siko mulozi," alisema. "Docteur alipima damu yangu. Basoda ba mwili, askari bale banapiganaka na magonjwa, kwangu banakosea, banapiga jicho yangu. Ni kitu ya kuzaliwa nayo. Haishike kila mutu, lakini inatembea mu famille. Aliniuliza: kwenu nani alikuwa na mugongo mugumu asubui, na macho ya kuwaka?"

Watu walitazamana. Wote walimkumbuka Mukalay akijikongoja asubuhi, mgongo umekakamaa, macho mekundu. Walikuwa wakisingizia kazi ya mgodini.

"Papa," Huguette alisema. "Sasa tantine, toa miwani."

"Weye mutoto, hauna heshima?"

"Niko nayo. Toa miwani."

Kisha akainua uso mbele yao wote, akajitia tone la dawa. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Jeanne alivua miwani taratibu. Mboni ya jicho moja ilikuwa nyeupe kabisa. Jicho la pili lilikuwa jekundu kama la Huguette.

"Ile ya kwanza niliipaka mafuta mwaka muzima," alinong'ona. "Nilisikia haya kusema. Hii ingine imeanza juzi. Nitilie na miye, mwanangu."

Huguette alimwonea huruma, lakini hasira haikumtoka. Alifunga kichupa chake.

"Hapana. Hii ni dawa yangu. Yako, docteur mwenyewe njo atasema. Kesho asubui tunaenda sote. Na haya mafuta yako, tantine, leo tunakaangia samaki."