Saa Kumi ya Bwana

Kwa ndege, kutoka Njoro hadi Kuresoi ni robo saa. Kwa lori, matope yakikuhurumia, ni nusu siku. Ng'ombe wa Mzee Kiprugut hawakuwa na haja ya safari yoyote: walikuwa wamejilaza katikati ya kiwanja cha ndege, wakicheua.

Aliyewaruhusu ni Kipsang, mlinzi wa kiwanja, mtu aliyelipwa kuwafukuza. Lakini mzee alikuwa na binti, Jepkosgei, na Kipsang alimpenda hadi akawa anasahau kula. Mkono mtupu haulambwi, naye hakuwa na cha kutoa ila majani ya mwajiri wake.

Mwajiri huyo, mzungu wa mashamba ya pareto, aliitwa Bwana Sasa-Hivi. Alikuwa ameapa: siku ndege yake ikimkuta ng'ombe kiwanjani, Kipsang hana kazi. Na mzee naye alikuwa amesema wazi kwamba binti yake haolewi na mtu asiye na kazi.

Ijumaa, Thuo, dereva wa lori, alileta habari. "Bwana anakuja Jumatatu, saa kumi."

Kipsang akacheka. Miaka mitatu sasa Bwana alisoma saa kwa Kizungu: akisema saa kumi, basi ni saa nne asubuhi. Shamba zima lilijua kumtafsiri.

Jumatatu saa nne kiwanja kilikuwa safi kama sahani. Kipsang akangoja, macho juu. Saa tano. Saa sita. Ndege haikuja, na ng'ombe walikuwa wanamtazama kwa huzuni nje ya ua.

"Haji tena huyo," alisema Mzee Kiprugut. Ng'ombe wakarudi.

Saa kumi kamili alasiri, ndege ikatokea juu ya kilima. Kipsang alikimbia akipunga blanketi na kuita kila ng'ombe kwa jina. Ndege ilizunguka mara nne ndipo ikatua, gurudumu moja likiwa ndani ya mavi mabichi.

"Nilisema saa kumi, na sasa ni saa kumi!" Bwana alifoka. "Ng'ombe hawa ni wa nani?"

Kipsang akashtuka. Zamani Bwana angesema, "Ngombe hii iko ya nani?" Leo kila neno lilikaa mahali pake. Mzungu alikuwa amejifunza Kiswahili, tena bila kumwambia mtu.

Aliogopa, lakini mdomo wake haukuogopa. "Bwana, saa kumi yako huwa saa nne. Tulikungoja masaa sita. Tukadhani umeanguka, na ng'ombe hawa wamekuja matangani."

Bwana akawa mwekundu. Akatoa mfukoni kitabu kidogo cha Kiswahili, akakitazama, akakirudisha.

"Kosa ni langu," alisema, na kwenda zake kukagua pareto.

Mzee Kiprugut alimgeukia Kipsang. "Kijana, umemfanya mzungu mwenye saa mkononi akiri kosa, na mavi ni ya ng'ombe wangu. Jumamosi lete wazee wako tuongee mambo ya Jepkosgei."

Kipsang alitaka kuruka. "Saa ngapi, mzee?"

"Saa kumi."

Jumamosi hiyo Kipsang na wazee wake walibisha hodi saa nne asubuhi, wakakaa mpaka jioni. Hakutaka kubahatisha.